Nani anatumia anwani ipi ya IP, na tangu lini?

Swali

"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ndiye ninayeangalia mtandao wa ofisi ya watu wapatao 50. Tunatumia 192.168.1.0/24, na seva yetu ya Windows inagawa anwani kwa DHCP kuanzia .50 hadi .250 (yaani 192.168.1.50 hadi 192.168.1.250). Printa, kamera na seva zina anwani zilizoandikwa kwa mkono, nami nimeziorodhesha kwenye Excel. Printa kuu iko kwenye .60 tangu kabla sijaajiriwa. Tatizo ni kwamba kila ikifika katikati ya wiki kuna watu wanakosa mtandao, na mara mbili ile printa imegoma, kompyuta zikalalamika kuwa kuna mgongano wa anwani. Kwenye orodha ya DHCP naona pia neno BAD_ADDRESS. Nikipiga ping kwenye anwani zote zinaitika kama 70 tu, ilhali seva inasema fungu limejaa. Nimwamini nani? Na je, ninunue programu ya kufuatilia anwani za IP?"

Jibu

Ndugu yangu, umelieleza tatizo vizuri kiasi kwamba nusu ya jibu imo ndani ya swali. Nianze na hilo la nani wa kumwamini, maana ndilo linalowachanganya wengi. Ping na seva hazipingani, ni kwamba umeziuliza maswali mawili tofauti. Ping imejibu: nani ameitika sasa hivi? Seva ya DHCP imejibu: nani nimemkodishia anwani na muda wake haujaisha? Excel yako inajibu la tatu: siku ile iliyoandikwa, mwandishi alikusudia nini? Na yuko shahidi wa nne ambaye hujamtaja, jedwali la ARP kwenye ruta, linalooanisha kila anwani ya IP na kifaa chake na kusema ni kifaa gani kimezungumza kweli muda si mrefu uliopita. Kufuatilia anwani za IP ni kuwaweka mashahidi hawa wanne pamoja, kila mmoja na saa yake, kisha kuangalia wanapotofautiana. Wewe wameshatofautiana, kwa hiyo tunajua pa kuanzia.

Tuchukue kwanza watu wanaokosa mtandao katikati ya wiki. Kutoka .50 hadi .250 una anwani 201. DHCP ya Windows, usipoigusa, hukodisha anwani kwa siku 8. Sasa tupige hesabu. Wafanyakazi 50, kila mmoja na laptopu na simu, ni anwani 100. Tuseme mnapata wageni 17 kwa siku, kila mmoja na simu moja iliyounganishwa na Wi-Fi. Mgeni aliyefika Jumatatu saa nne asubuhi, akakaa nusu saa akaenda zake, anwani yake inabaki imeshikwa hadi Jumanne ya wiki inayofuata saa nne. Jumatatu asubuhi unapofungua ofisi, siku 8 zilizopita zina siku 5 za kazi ndani yake, hivyo umebeba wageni 85 ambao hawapo. Jumla 185, bado kuna nafasi. Ikifika jioni ya Jumatatu, na kuendelea Jumanne, Jumatano na Alhamisi, siku 8 zilizopita zina siku 6 za kazi. Wageni 102, ukijumlisha na 100 wako, ni 202. Fungu lina 201.

Idadi ya wageni wako huenda ni tofauti na hiyo 17, lakini mwenendo ni huo huo, nao unaeleza kwa nini ping inapata vifaa 70 huku seva ikiapa kwamba imejaa. Seva inahesabu wapangaji waliohama bila kurudisha funguo. Unaeleza pia kwa nini wanaoumia si wale wale kila siku. Kifaa chenye ukodishaji hai huomba kuongezewa muda nusu ya muda ikifika, yaani siku ya 4 kati ya 8, na seva humwongezea bila shida. Anayekosa ni anayekuja upya: mgeni, au mfanyakazi aliyerudi kutoka likizo na ukodishaji wake umeisha.

Mtu wa namna hiyo akikuita, usianze kuhangaika na waya. Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta yake, andika ipconfig, na uangalie anwani. Ukiona inaanza na 169.254, kompyuta imeomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe kutoka fungu la 169.254.0.0/16 ambalo limetengwa kwa hali hiyo. Inaweza kuzungumza na jirani aliye katika hali kama yake, lakini haitoki nje. Halafu nenda kwenye seva, fungua PowerShell na uandike:

Get-DhcpServerv4ScopeStatistics

Utaona kwa kila fungu anwani zilizobaki, zilizotumika, na asilimia chini ya PercentageInUse. Hiyo ndiyo namba ya kwanza ninayotaka uwe unaijua kila siku bila kuambiwa. Binafsi nikiona imevuka 80 naanza kushughulika, maana kutoka 80 hadi 100 ni suala la mkutano mmoja wenye wageni wengi.

Ushahidi wa pili uko kwenye folda ya C:\Windows\System32\dhcp. Humo kuna faili saba za kumbukumbu, moja kwa kila siku ya juma, zenye majina kama DhcpSrvLog-Thu.log kwa Alhamisi. Kila mstari unaanza na namba ya tukio. Namba 10 ni anwani mpya iliyokodishwa, 11 ni ukodishaji ulioongezewa muda, 13 ni anwani iliyokutwa tayari inatumika na mwingine, na 14 ni ombi lililokataliwa kwa sababu fungu limekwisha. Tafuta 14 kwenye faili ya Jumatano na ya Alhamisi. Ukizikuta, hesabu yangu imethibitika, na kila mstari unakupa saa kamili ya tukio. Angalia jambo moja linalowaponyoka wengi: faili ya Alhamisi huandikwa upya Alhamisi inayofuata. Usipozinakili kila usiku kwenda mahali pengine, historia yako yote ya mtandao ni ya siku saba tu.

Tiba ya hapo ni kufupisha muda wa kukodi. Amri ni hii:

Set-DhcpServerv4Scope -ScopeId 192.168.1.0 -LeaseDuration 1.00:00:00

Hiyo ni siku moja. Tafadhali usikate tamaa kesho yake ukiona asilimia haijashuka. Muda mpya unamhusu anayekodi au kuongeza muda baada ya mabadiliko, na wageni wa wiki iliyopita bado wana zile siku 8 walizopewa. Nafuu kamili utaiona baada ya wiki moja na kitu. Ukiweza, watenge wageni kabisa kwenye VLAN yao (mtandao uliotengwa ndani ya swichi zile zile) yenye fungu lake na muda wa saa 4, na wafanyakazi wabaki na siku moja au zaidi. Sipendi kuwapa wafanyakazi muda mfupi kama wa wageni, kwa sababu seva ya DHCP ikizimika, muda mrefu ndio unaowaacha watu wakiendelea na kazi wakati wewe unaitengeneza.

Kuna jambo jingine la zama hizi linalokuza hesabu hiyo. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu kwa kawaida haitoi kwenye Wi-Fi anwani yake halisi ya MAC, ile namba ya utambulisho iliyotoka nayo kiwandani. Inajitungia nyingine kwa kila jina la mtandao. Kama ofisi yako ina majina mawili ya Wi-Fi yanayoishia kwenye subneti moja (kipande kimoja cha mtandao), simu moja ikihama kutoka jina moja kwenda jingine inaonekana kwa DHCP kama simu mbili, na inachukua anwani mbili. Kuzitambua ni rahisi ukishazoea. Chukua MAC kama ae:41:0c:7d:22:90 na uangalie tarakimu ya pili kutoka kushoto, ile "e". Tarakimu hiyo ikiwa 2, 6, a au e, MAC hiyo imetungwa na programu, haikutoka kiwandani, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta mtengenezaji wake. Mara nyingi ni simu, ingawa baadhi ya mashine pepe kwenye seva zako nazo zina MAC za namna hiyo.

Sasa printa. Ile printa na BAD_ADDRESS ni tatizo moja lenye sura mbili. Umesema printa ina .60 kwa mkono, na fungu la DHCP linaanzia .50. Maana yake seva inaiona .60 kuwa ni mali yake ya kukodisha na haina habari kwamba kuna mtu ndani. Kama printa imewashwa wakati seva inampa laptopu fulani .60, laptopu kabla ya kuitumia huuliza kwa ARP, "kuna mwenye .60?" Printa inaitika. Laptopu inairudishia seva anwani hiyo na kusema ina mwenyewe, na seva inaibandika jina BAD_ADDRESS na kuiweka kando, nafasi nyingine imepotea kwenye fungu ambalo tayari limebana. Lakini kama printa imezimwa jioni, au imelala usingizi mzito wa kuokoa umeme, laptopu inauliza, haijibiwi, inaichukua .60 kwa nia njema kabisa. Asubuhi printa inaamka na kukuta kiti chake kimekaliwa. Hapo ndipo kuchapisha kunapogoma.

Seva ya Windows inaweza kuambiwa ipige ping kabla ya kugawa anwani, lakini kwa kawaida kipengele hicho kimewekwa 0, yaani hakifanyi kazi. Unaweza kukiwasha kwa Set-DhcpServerSetting -ConflictDetectionAttempts 1, nami nakushauri ufanye hivyo, ila hakitakuokoa na printa iliyozimwa. Dawa ni kuitoa .60 kwenye fungu la kukodisha:

Add-DhcpServerv4ExclusionRange -ScopeId 192.168.1.0 -StartRange 192.168.1.60 -EndRange 192.168.1.60

Kama wakati huo kuna laptopu imeshaishika, futa kwanza ukodishaji wake kwenye seva na uiambie kompyuta iombe upya kwa ipconfig /release kisha ipconfig /renew. Usipofanya hivyo itaendelea kuishika.

Njia ninayoipenda zaidi kwa printa na kamera ni kuacha kabisa kuziandikia anwani kwa mkono. Ziache ziombe DHCP kama wengine, na kwenye seva uitengee kila moja anwani yake kwa MAC yake. Inapata anwani ile ile kila siku, lakini sasa seva inajua. Ukibadilisha DNS au lango, unabadilisha mahali pamoja badala ya kuzunguka na ngazi kwenye kila kamera. Anwani za mkono ziwe za ruta, swichi na seva chache tu, nazo ziwe chini ya .50 ambako DHCP haifiki.

Nirudi kwenye ping, kwa sababu nataka uache kuitumia kuamua kwamba anwani iko wazi. Kompyuta nyingi za Windows haziitikii ping kwa kuwa faiwoli yake imezuia. Simu iliyolala inaweza isijibu. Jaribu hili ukiwa umeunganishwa kwenye subneti hiyo hiyo. Piga ping kwenye anwani ya laptopu ya Windows unayoiona mezani mbele yako, tuseme .112. Huenda ukapata kimya, "Request timed out" mara nne. Mara moja andika arp -a na utafute .112 kwenye orodha. Ukiikuta na MAC pembeni yake, kifaa kipo, kimekataa ping lakini ARP kimeijibu. Hakina namna ya kukataa, maana kifaa kisichojibu ARP hakiwezi kupokea chochote kutoka kwa majirani zake. Ndiyo sababu programu ya nmap, ukiiendesha kwa haki za msimamizi ndani ya subneti yako kwa nmap -sn 192.168.1.0/24, hutumia ARP badala ya ping ya kawaida, na utaona inapata vifaa vingi kuliko wale 70 wako. Fanya hivyo kwenye mtandao ulio chini ya dhamana yako tu, na mwenye kuangalia usalama awe na habari.

ARP ina mpaka wake: haivuki ruta. Ukiwa na subneti nyingi, badala ya kuzunguka na laptopu, soma jedwali la ruta yenyewe, kwa sababu ruta ina mguu kwenye kila subneti. Kwenye Cisco ni show ip arp, kwenye MikroTik ni /ip arp print, kwenye Linux ni ip neigh. Ila ujue jedwali linakumbuka kwa muda gani. Ruta ya Cisco kwa kawaida hutunza mstari wa ARP kwa saa 4, kwa hiyo kifaa kilichoondoka saa mbili zilizopita bado kinaweza kuonekana humo. Swichi ya Cisco nayo husahau MAC baada ya dakika 5 za ukimya. Tofauti hizo ni za kawaida, usidhani vifaa vimeharibika.

Jedwali hilo la swichi ndilo linalokupeleka kutoka kwenye namba hadi kwenye meza ya mtu. Una anwani, ARP imekupa MAC, sasa unaiuliza swichi: show mac address-table address, kisha MAC yenyewe. Inakujibu na poti, yaani tundu la waya kwenye swichi. Ukikuta poti hiyo ina MAC nyingi, hapo ni njia ya kwenda swichi nyingine, hivyo hamia swichi hiyo na uulize tena. Ukifika kwenye poti yenye MAC moja, umefika kwenye waya wa kifaa. Kama njia imeishia kwenye kituo cha Wi-Fi, kinachojua zaidi ni mfumo unaosimamia Wi-Fi yenyewe, wenye jina la mtu aliyeingia kama mnatumia majina na nywila za kila mtu.

Mahali pamoja nilipofanya kazi nilikaa siku mbili nikitafuta kwa nini baadhi ya kompyuta zinapata anwani nzuri za 192.168.1 lakini haziendi popote. Fungu lilikuwa na nafasi, seva ilikuwa nzima, kumbukumbu hazikuonyesha kosa. Niliyagundua yote kwenye mstari mmoja wa ipconfig /all, ule unaoandikwa DHCP Server. Kwenye kompyuta zilizogoma, anwani iliyokuwa hapo haikuwa ya seva yetu. Nilichukua MAC yake kwa arp -a, nikaifuata kwenye swichi, na poti ikanipeleka chumba cha mikutano. Chini ya meza kulikuwa na kiruta kidogo cha nyumbani ambacho mtu alikileta ili apate Wi-Fi yenye nguvu, akakichomeka kwa poti isiyo yake, nacho kikaanza kugawa anwani kwa yeyote aliyekiuliza. Nakusimulia kwa sababu unatumia 192.168.1.0, fungu ambalo viruta vingi vya nyumbani vinakuja nalo kutoka dukani. Kikiingia kimoja kwako, anwani zitafanana kabisa na zako na macho hayatakuonyesha tofauti. Kama swichi zako zina DHCP snooping, iwashe, na uruhusu majibu ya DHCP yatoke kwenye poti ya seva yako tu.

Mpaka hapa tumezungumzia kuona. Kufuatilia ni kuona na kukumbuka. Siku moja utaulizwa: Jumanne saa nane mchana nani alikuwa na .143? Ukikimbilia jedwali la ARP la leo, utamtaja mtu asiyehusika. Anwani ya DHCP inabadilisha mikono, kwa hiyo bila saa haimtambulishi mtu. Kwa ofisi ya ukubwa wako, skripti ndogo inatosha: kila dakika 5 isome jedwali la ARP la ruta na jedwali la MAC la swichi, iandike kwenye hifadhidata anwani, MAC, poti, mara ya kwanza kuonekana na mara ya mwisho kuonekana. Dakika 5 nimezichagua kwa sababu ya ile kumbukumbu fupi ya swichi. Kama una kompyuta ya Linux kwenye subneti hiyo, kuna programu ya zamani na ya bure inayoitwa arpwatch. Inasikiliza tu, na inakutumia barua kila MAC mpya inapoonekana au anwani moja inaporukaruka kati ya MAC mbili, hali inayoiita flip flop. Ungekuwa nayo, ugomvi wa .60 ungeletewa mlangoni asubuhi ile ile, pamoja na MAC za pande zote mbili.

Mambo mawili madogo yanaharibu kazi hii mara nyingi kuliko unavyodhani. La kwanza ni saa. Ruta, swichi na seva zote zichukue muda kutoka chanzo kimoja cha NTP, na ujue ni kifaa gani kinaandika muda wa UTC na kipi kinaandika wa hapo ulipo, la sivyo utaoanisha ukodishaji wa mtu mmoja na kosa la mwingine. La pili ni maandishi ya MAC. Windows inaandika ae-41-0c-7d-22-90, Linux ae:41:0c:7d:22:90, Cisco ae41.0c7d.2290. Ni kitu kimoja, lakini Excel itakuambia havifanani. Ondoa alama zote na ufanye herufi ziwe ndogo kabla ya kulinganisha. Vivyo hivyo kwa anwani: Excel inazipanga kama maneno, hivyo .10 inakaa kabla ya .2. Tenga namba ya mwisho kwenye safu yake na upange kwa hiyo.

Baada ya hapo linganisha orodha, mara moja kwa siku. MAC iliyo kwenye ARP lakini haipo kwenye DHCP wala kwenye Excel ni kifaa kilichojiwekea anwani kwa mkono, na huyo ndiye wa kufuatwa siku hiyo hiyo. Iliyo kwenye Excel lakini haijaonekana kwa siku 90 huenda ni kamera iliyong'olewa zamani, ila ulizia kabla ya kuifuta, kwani kuna mashine za akiba zinazowashwa mara moja kwa mwaka. Iliyo kwenye DHCP bila kuonekana kwenye ARP ni yule mgeni wetu wa Jumatatu.

Ukiona kwamba hata baada ya kufupisha muda nafasi bado ni finyu, unaweza kupanua kutoka /24 kwenda /23 na kupata anwani 510 badala ya 254. Hapa kuna mtego. Watu hudhani 192.168.1.0 ikipanuliwa itashika 192.168.2.x. Haifanyi hivyo. Mipaka ya /23 huanzia kwenye namba shufwa, kwa hiyo utapata 192.168.0.0 hadi 192.168.1.255. Kila kifaa cha anwani ya mkono kinapaswa kubadilishiwa maski kuwa 255.255.254.0, kikisahaulika kitaiona nusu mpya ya mtandao kama ugenini. Kwa wewe mwenye wageni wengi, kuwatenga kwenye VLAN yao ni kazi ndogo kuliko hiyo na inakupa usalama juu yake.

Siku ukipokea malalamiko kutoka nje, tuseme mtoa huduma wako wa intaneti anasema kuna kompyuta kwenu inatuma barua taka, atakutajia anwani moja ya nje ambayo ofisi nzima inaitumia kupitia NAT. Huwezi kumjua mhusika kwa anwani hiyo peke yake. Unahitaji saa kamili na namba ya poti ya chanzo (hapa si tundu la swichi, ni namba inayotofautisha muunganisho mmoja na mwingine), kisha uangalie kwenye kumbukumbu za faiwoli ni anwani gani ya ndani ilikuwa na poti hiyo kwa sekunde hiyo. Ndiyo maana RFC 6302, waraka wa miongozo ya intaneti wa mwaka 2011, unazishauri seva za intaneti ziandike poti pamoja na anwani. Mwombe mlalamikaji taarifa hizo kabla hujaanza kumshuku mtu.

IPv6, ile aina mpya ya anwani ndefu za IP, nayo usiisahau, kwani huenda kompyuta zako tayari zinaitumia kati yao. Huko kupiga ping anwani zote hakuwezekani kabisa: subneti moja ya /64 ina anwani zaidi ya bilioni bilioni 18. Unasoma jedwali la majirani kwenye ruta, show ipv6 neighbors kwa Cisco, na unategemea kukuta kifaa kimoja na anwani kadhaa zinazobadilika zenyewe. Kinachoziunganisha ni MAC, hivyo ile hifadhidata yako ijengwe juu ya MAC na muda, na anwani zining'inie chini yake.

Rekodi hizi zinaonyesha mtu aliingia kazini lini, alikaa chumba gani na aliondoka saa ngapi. Kaa na wakuu wako mkubaliane nani anaruhusiwa kuzisoma na zitatunzwa kwa muda gani, muandike, na wafanyakazi waambiwe. Mimi sikubali kumpa meneja mmoja mmoja orodha hizi kwa ombi la mdomo, hata akiwa na haraka.

Kuhusu kununua programu: kwa sasa hapana. Kwa subneti moja, tatizo lako ni la mpangilio wa DHCP, na hakuna programu ya kulipia itakayokuondolea anwani ya mkono ndani ya fungu la kukodisha. Excel itakutosha kama anayeigusa ni mmoja na inalinganishwa kila siku. Mkifika subneti nne au tano, au wasimamizi wakiwa wawili, hamia phpIPAM, ambayo ni ya bure na inaweza kukagua subneti yenyewe na kukuonyesha kilichoonekana mara ya mwisho. NetBox, iliyoanzia kampuni ya DigitalOcean na kufunguliwa kwa umma mwaka 2016, nayo ni ya bure na ni nzuri sana kwa kuandika mtandao unavyopaswa kuwa, pamoja na makabati na nyaya zake, lakini kazi ya kwenda kuangalia mtandao ulivyo kweli utaifanya kwa zana nyingine.

Anza na .60 leo jioni watu wakishatoka, fupisha muda wa kukodi usiku huo huo, na uweke kazi ya kunakili zile faili za DhcpSrvLog kila usiku. Kisha Alhamisi ya wiki ya pili kuanzia sasa, saa tano asubuhi, soma tena PercentageInUse na uniandikie umeona ngapi. Ikiwa bado iko juu ya 80, nitumie pia idadi ya mistari yenye namba 14 na MAC kumi zenye ukodishaji mpya zaidi, tuzitazame pamoja.